Fundi kijana, supavaiza mzee, na saini ya kazi ambayo hukuiona

Swali limetoka kwa dada mmoja fundi ndege, nalifupisha ili asijulikane. Yuko mwaka wa pili hangari tangu amalize chuo, supavaiza wake ni mzee wa miaka mingi kazini na karibu kila anachokijua kwa mikono kamfundisha huyo mzee. Wiki chache zilizopita walikuwa shifti ya usiku, ndege inatakiwa itoke alfajiri, mzee akamwambia asaini sehemu ya ukaguzi wa pili kwenye kadi ya kazi wakati kava lilishafungwa na yeye hakuwepo kazi ilipofanyika. Akasita. Mzee akamwambia hizi vitu mimi nafunga tangu hujazaliwa, vijana wa siku hizi hamna adabu. Akasaini. Ndege ikaenda ikarudi, hakuna kilichotokea, ila yeye usingizi hauji. Anauliza: ni kweli wanavosema kwamba utamaduni wetu Waafrika wa kuogopa wakubwa ndo unaleta ajali za ndege? Na siku ikitokea tena afanyeje bila kumvunjia mzee heshima na bila kupoteza kazi?

Marahaba mdogo wangu. Kabla hatujafika kwenye utamaduni, kwanza ile ndege. Kwamba imeruka ikarudi haimaanishi kazi iko sawa, kama kuna kitu hakikukaza vizuri inawezekana tu hakijaachia bado, na jina lako liko pale kama mtu aliyeona. Ukaguzi wa pili uliwekwa kwa sababu moja, jicho la aliyefunga linaona alichokusudia kufunga, hata awe fundi bora kuliko wote. Kwa hiyo leo au kesho, mchana, mkiwa wawili tu, mwendee mzee umwambie hivi: "Mzee, ile kazi ya usiku ule sikuiona kabla kava halijafungwa na saini yangu ipo. Naomba tuifungue tuiangalie pamoja kabla haijaendelea kuruka." Akikataa, au akikuzungusha mpaka ndege inapangiwa safari nyingine, nenda kwa watu wa kwaliti, wale wanaosimamia ubora wa kazi, kwa maandishi siku hiyohiyo. Najua ni ngumu kwa sababu na wewe utakuwa unajitaja, lakini fundi anayekuja mwenyewe kusema nilisaini kitu sikukiona anachukuliwa tofauti kabisa na yule anayekutwa, na zaidi ya hapo kuna watu wanapanda ile ndege.

Sasa swali lako la kwanza. Anayekwambia ni tatizo la Waafrika muulize ajali ya Tenerife, kile kisiwa cha Hispania, ilitokea kwa nani. Tarehe 27 Machi 1977, uwanja wa Los Rodeos, ukungu mzito, Jumbo mbili (Boeing 747) kwenye njia moja, ya KLM ya Uholanzi inaanza kuruka na ya Pan Am ya Marekani bado iko mbele yake. Walikufa watu 583, na mpaka leo hakuna ajali ya ndege iliyoua wengi kuliko hiyo. Kapteni wa KLM, Jacob Veldhuyzen van Zanten, alikuwa mkuu wa mafunzo ya 747 pale kampuni, mtu anayeheshimika kupita kiasi. Wakiwa tayari wanakimbia kwenye lami injinia wao wa ndege akauliza kama yule wa Pan Am ameshatoka njiani, kapteni akajibu ndio kwa mkazo, injinia akanyamaza. Waholanzi wanasifika dunia nzima kwa kusemana usoni, na hata hivo mtu aliyekuwa na wasiwasi sahihi aliuliza mara moja akaacha.

Mwaka uliofuata, 28 Desemba 1978, DC-8 ya shirika la United ikazunguka juu ya Portland, Marekani, karibu saa nzima wakihangaika na magurudumu. Wenzake kapteni walitaja mafuta, ila walitaja kwa upole upole, kama taarifa tu, hakuna aliyesema tushuke sasa hivi. Injini zikazima moja baada ya nyingine na watu 10 wakafa. Baada ya hiyo NASA ikaita kikao mwaka 1979 kuzungumzia jinsi watu wanavofanya kazi pamoja ndani ya chumba cha marubani, United wakaanza mafunzo yake 1981, na hayo ndo yamekuja kuwa CRM, yaani mafunzo ya kushirikiana na kusemana ndani ya chumba cha marubani, ambayo sasa rubani wa shirika lolote anapitia, na siku hizi hata nyie wa hangari mna ya kwenu. Yaani hii elimu nzima imezaliwa kwa sababu Wamarekani na Wazungu walikuwa wanaogopa wakubwa wao.

Lakini sitaki nikudanganye kwamba kwetu halipo. Usiku wa tarehe 5 Mei 2007 ndege ya Kenya Airways, 737-800 ambayo haikuwa imefikisha hata mwaka, iliondoka Douala kwenye dhoruba kuja Nairobi. Kapteni alitamka kwamba otopailoti, mtambo unaoendesha ndege wenyewe, ishike, rubani msaidizi hakuitikia kuthibitisha, na haikushika. Ndege ikaanza kulala upande wa kulia polepole sana, giza totoro, hakuna anayeangalia vipimo, mpaka onyo la kulala likalia na kapteni akazidi kuchanganyikiwa yuko wapi na mbingu iko wapi. Haikuchukua hata dakika mbili, ikaangukia kwenye mikoko jirani na uwanja, watu wote 114 wakafa, na wengi wetu Afrika Mashariki tulijua mtu aliyejua mtu mle ndani. Wachunguzi walisema ni kupoteza udhibiti kwa sababu ya kupoteza mwelekeo, wakaongeza kwamba ushirikiano wa hao wawili ulikuwa dhaifu. Ukisoma wanavyowaelezea inauma: kapteni mtu wa haiba kubwa, anayemchukua mwenzake kama mtoto, na rubani msaidizi kijana wa miaka 23, mpole, asiyejitokeza. Mimi kila nikifundisha hiyo ripoti naona vijana darasani wanainamisha vichwa maana wanajiona.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Jamii inakupa mwinuko wa kupanda, kwetu mwinuko ni mkali kuliko kwa Mholanzi, hilo nakubali. Ila kama unaruhusiwa kupanda au unasukumwa chini, hilo linaamuliwa na sehemu ya kazi. Ushahidi mzuri ni Wakorea, ambao kwenye kuheshimu umri na cheo wametuzidi mbali. Desemba 22, 1999, 747 ya mizigo ya Korean Air iliondoka Stansted, Uingereza, usiku. Kipimo cha kapteni kinachoonyesha ndege imelalaje kilikuwa na hitilafu tangu safari iliyotangulia, mafundi walikishughulikia pale uwanjani lakini ubovu wenyewe haukuondoka (hapo wewe fundi usome mara mbili). Kapteni akageuza ndege kushoto, kipimo chake hakikusogea, akaendelea kugeuza. Kengele ya kuonyesha kwamba vipimo viwili havikubaliani ikalia mara kadhaa. Kipimo cha rubani msaidizi kilikuwa kinasema ukweli mbele ya macho yake, na hakusema neno. Injinia wa ndege alitaja kwamba ndege imelala, akarudia, kapteni hakujibu. Chini ya dakika moja wote 4 wamekufa, na fundi wao aliyekuwa anasafiri nao ni mmoja wao.

Baada ya hapo shirika likageuzwa. Delta, shirika la Marekani, walikuwa wameshasimamisha ushirikiano nao, na mwaka 2000 Korean wakamchukua David Greenberg kutoka Delta hukohuko aje kusimamia uendeshaji, mafunzo yakabadilishwa, na tangu Stansted hawajapata tena ajali ya kuua. Na Wakorea hawajaacha kuinama mbele ya wazee wao. Mtoto wa Kikorea bado anaamkia, ila akiwa rubani msaidizi anajua kwamba kutaja kilichoharibika ni sehemu ya kazi aliyoajiriwa kufanya, na asipokitaja ndo atakuwa amekosa.

Hizo zote ni za marubani na najua unasema mimi niko hangari. Basi nikupe ya hangari, na hii nakuomba uikae nayo maana mimi naona ndo picha yako kabisa, ila na Waingereza.

Juni 1990, Birmingham, BAC One-Eleven ya British Airways inabadilishwa kioo cha mbele cha upande wa kapteni. Ni usiku, watu wachache, na msimamizi wa shifti mwenyewe anaamua kuifanya kazi ili asaidie vijana wake, mtu mzoefu, mchapakazi, anayeheshimika. Anatoa boliti za zamani, 90, anaona zimechakaa, anakwenda stoo na boliti moja mkononi atafute zinazofanana. Kitabu hakufungua kuangalia namba. Mtu wa stoo akamwambia kioo kile kinatumia 8D. Msimamizi akaona hizi nilizotoa ni 7D na zilikaa miaka, basi nachukua 7D. Na hapa ripoti inasema kitu kidogo ambacho mimi huwa nakisoma kwa sauti darasani, kwamba yule wa stoo hakulisisitiza jambo lake. Alisema mara moja, mkubwa akaamua vingine, akaliacha.

7D zilizokuwepo stoo hazikutosha. Msimamizi akaendesha gari mpaka kwenye kabati lingine la boliti upande wa pili wa uwanja, taa hafifu, miwani yake ya kusomea hakuvaa, akalinganisha kwa kugusa na kwa macho, akaondoka na 8C, ambazo urefu uko sawa na 8D ila wembamba umezidi kwa kiasi ambacho kidole hakijui. Akarudi kufunga. Jukwaa alilosimamia halikukaa vizuri ikabidi ajinyooshe pembeni, mkono wake mwenyewe ukawa unamziba asione kichwa cha boliti kinavyokaa kwenye tundu lake. Bisbisi ya kupima nguvu ikawa inalia tik tik kama inavolia ikifika kiwango, kumbe kulikuwa na mlio mwingine umechanganyika mle, wa boliti nyembamba inateleza kwenye nati. Boliti 84 kati ya 90 zilikuwa nyembamba, zilizobaki 6 zilikuwa fupi. Na kazi ile haikuwekwa kwenye orodha ya kazi za lazima kukaguliwa na mtu wa pili, kwa hiyo hakukuwa na dada kama wewe wa kuambiwa asaini.

Tarehe 10 Juni ndege ikaruka kwenda Malaga, ikafika futi 17,300, kioo kikang'oka, kapteni Tim Lancaster akavutwa nje nusu ya mwili. Wahudumu wakamshika miguu, rubani msaidizi Alastair Atchison akaitua Southampton. Wote walipona, kapteni mwenyewe pia, na mpaka leo nashangaa.

Sasa angalia vizuri, hakuna mtu mbaya humo. Msimamizi alikuwa anasaidia watu wake. Na ndio maana nataka na mzee wako umwangalie hivo hivo, sio adui. Mzee yuko na watu wachache, ratiba inamkaba, ndege ya alfajiri, akichelewesha simu zinaanza saa kumi na moja za bosi anayeuliza kwa nini, na hakuna simu hata moja inayopigwa kumshukuru kwa ukaguzi uliofanyika vizuri. Amekaa kwenye hali hiyo miaka, njia ya mkato imekuwa ndo njia, na imemlipa kila siku kwa sababu kila siku ndege inarudi. James Reason, yule mwanasaikolojia Mwingereza, maandishi yake yamefundisha sekta nzima kutafuta chini ya kosa la mtu wa mwisho, nani alipanga shifti, nani aliweka orodha, nani alinyamaza. Kuna swali moja wanatumia wachunguzi nami nalipenda: mtoe huyu mtu, weka fundi mwingine mwenye ujuzi uleule na mazingira yaleyale, angefanya tofauti? Kama jibu ni hapana, kumfukuza hakujatibu kitu, wa kesho atasaini vilevile. Hii haina maana kila kitu kinasamehewa. Anayejua hatari akaipuuza makusudi, au anayekuja amelewa, au anayeficha, huyo anawajibika. Ila aliyekosea akasema, ukimpiga huyo umewafunga midomo wote waliobaki.

Na hapo ndo utamaduni wa kazi unapozaliwa, siku ya pili baada ya mtu kusema. Kuna kisa cha meli ya kubeba ndege za kivita ya Marekani, Carl Vinson, baharia wa cheo cha chini alipoteza zana kwenye sitaha akaripoti mwenyewe. Ndege zote zilizokuwa angani zikaelekezwa zikatue nchi kavu mpaka ipatikane. Fikiria hasira ambayo ingeweza kumwangukia. Kesho yake wakafanya sherehe rasmi wakampongeza mbele ya wenzake. Hotuba ya usalama hata uisikilize mwaka mzima haifanyi kazi ambayo ile sherehe imeifanya, maana kila aliyekuwepo sasa anajua kwa hakika atakachofanyiwa akisema.

Kinyume chake kipo pia. Desemba 1, 1974 ndege ya TWA iligonga mlima karibu na Washington, watu 92, kwa sababu maelezo ya kushuka yalieleweka vibaya. Wiki sita nyuma marubani wa United walikuwa wameponea hapohapo kwa kosa lilelile, wakasema ndani ya kampuni yao, habari ikaishia humo. Kutokana na hiyo mwaka 1976 Marekani ikaanzisha mfumo wa kuripoti, na walioukabidhiwa kuuendesha ni NASA, wale wenye mamlaka ya kukunyang'anya leseni hawakupewa, ili mtu aweze kusema bila woga. Huku kwetu pia Kiambatisho cha 19 cha ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, kinataka kila nchi iwe na mfumo wa kuripoti kwa hiari na kulinda taarifa hizo, na cha 13 kinasema wazi uchunguzi wa ajali ni wa kuzuia nyingine, haufanywi kutafuta wa kulaumiwa. Kwa hiyo waulize watu wa usalama pale kwenu fomu ya hiari iko wapi na nani anaisoma. Wakikuangalia kama umeuliza kitu cha ajabu, umeshapata jibu kuhusu sehemu yenu ya kazi.

Sasa la pili, unasemaje. Shida yetu kubwa, na hili nimeliona kwa mafundi na marubani, ni kuzungukazunguka. "Samahani mzee, sijui, labda nimekosea, ila nilikuwa naona kama..." mpaka unafika kwenye point mzee ameshaondoka. Sio kwetu tu, Januari 13, 1982 ndege ya Air Florida ilikuwa inakimbia kwenye theluji Washington na rubani msaidizi alisema zaidi ya mara moja kwamba hii haionekani sawa, kapteni akasema iko sawa, wakaruka na barafu kwenye mabawa, wakagonga daraja, watu 78. Alisema, lakini hakuna mahali aliposema tusimame.

Heshima yako weka mwanzoni, yote, halafu sentensi inayofuata iwe na kitu kinachoonekana na ombi la kitendo. "Shikamoo mzee. Kadi inasema boliti hizi zikaguliwe kabla ya kava, mimi sijaziona, naomba tufungue." Hakuna matusi hapo, hakuna kumwambia umekosea, unataja kadi na unataja macho yako. Asipokusikia panda ngazi moja: "Mzee, nina wasiwasi na hii, tukiiacha hivi siwezi kusaini." Akikasirika usibishane naye juu ya adabu, kwenye ubishi huo atakushinda kwa umri. Rudi kwenye kitu: "Nakuheshimu mzee, na ndo maana nakwambia wewe kwanza. Saini yangu sitaiweka mpaka nione." Ngazi ya mwisho unaita mtu wa kwaliti au meneja wa zamu, hata kama ni saa tisa usiku, na ndege isiondoke. Na haya maneno yafanyie mazoezi kwa sauti nyumbani, sikutanii, maneno ambayo hujawahi kuyatamka hayatoki mbele ya mtu unayemwogopa.

Kingine kinachosaidia sana ni kuongea na mzee siku ambayo hakuna kazi inayowaka. Mkiwa mnakunywa chai muulize amewahi kuona kazi gani iliyoharibika usiku. Wazee wengi wa hangari wana visa vya kutisha na hawajawahi kuulizwa na mtu. Akishakusimulia, mwombe: basi mzee, tukubaliane mimi nikisema sijaona, unanipa tochi naangalia. Nimeona wazee wagumu kabisa wakikubali hili, kwa sababu umewapa nafasi ya kuwa walimu. Na mzee akilikubali yeye, hangari nzima inafuata, hapo ndo utamaduni wetu wa kufuata wakubwa unageuka kuwa msaada mkubwa.

Kuhusu kupoteza kazi sitakuahidi kitu. Kuna sehemu zitakuita mkaidi, zitakunyima shifti nzuri, na kama baada ya kwenda kwa mzee, kwaliti na meneja unaona bado unalazimishwa kusaini usichokiona, anza kutafuta pengine, na mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi yako ndo pa kuripoti. Leseni ni yako na unahama nayo, na saini iliyo chini ya kadi siku ya uchunguzi inasomwa kwa jina lako, hakuna mstari unaosema aliniambia mzee. Kwa hiyo kuanzia leo uwe na daftari lako: tarehe, namba ya kadi, ulichokiona, ulichosema, ulichojibiwa, bila kuongeza maneno ya hasira.

Namba ya ndege usinitumie mimi, wapelekee kwaliti. Ila ukishaongea na mzee niandikie alivojibu, tuipange pamoja hiyo barua ya kwaliti kama itahitajika.